Mkono Umeshika

Alhamisi kabla ya Siku ya Akina Baba, watoto wa darasa la pili pale Kerrabie, mji mdogo wa wakulima wa ngano, walichovya viganja vyao kwenye sahani za rangi, wakavigandamiza kwenye vyungu vya udongo. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia, miti ya plamu imechanua, na wale ndege wa mabaka meusi na meupe walikuwa wameanza kuwashukia waendesha baiskeli vichwani ili kulinda viota vyao, kama kila mwaka. Bronwyn Hoskin, mwenye miaka saba, alichagua rangi ya njano. Mwalimu alimpa kila mtoto mbegu moja ya alizeti na kikombe cha mboji, akawaambia kuwa zawadi ya bustani haitoboki kama soksi.

Jumapili asubuhi baba yake, Glenn, alipelekewa kifungua kinywa kitandani kama ilivyo desturi: mkate wa kuchoma, mayai, chai, na chungu chenye kiganja cha njano. Glenn alifurahi kwelikweli. Alimbusu Bron utosini, akasema hajapata kuona chungu kizuri kama kile. Kisha akakata yai, akakuta kiini kimekauka, akampiga mkewe Janelle kwa mgongo wa mkono wa kushoto, bila haraka. Pete ya ndoa ilimchana juu ya mdomo, na tone moja la damu likaangukia kwenye mboji. Baadaye Janelle aliosha vyombo, akakiweka chungu kwenye dirisha la jikoni penye jua.

Alizeti haikuota. Siku ya kumi, kilichotokeza udongoni kilikuwa kucha tano. Zikafuata vidole, vikafuata vifundo, na kabla mwezi haujaisha mkono ulikuwa umesimama mpaka kwenye kiwiko: mkono wa kushoto wa mwanamume mzima, wenye vinyweleo vyekundu, kovu la msumeno kwenye kidole gumba na alama ya pete.

"Mama, hii si alizeti," alisema Bron.

"Naona."

"Mwalimu atasema nimezidisha maji."

"Hujazidisha, mwanangu. Umeumwagilia vizuri tu."

Glenn aliutazama, akaweka mkono wake karibu ili kulinganisha. "Umenizidi nywele," alisema, akaenda kazini kwenye maghala ya ngano.

Mkono ulikuwa unapiga. Ulivunja sahani tatu na birika. Ulimpiga paka, naye akahamia kwa jirani bila kuaga. Zaidi ya yote ulimpiga Janelle kila alipokwenda kwenye sinki, hasa jioni, Glenn akiwa bado njiani. Glenn akifika, alianzia pale mkono ulipoachia. Kazi hiyo sasa ilikuwa na zamu mbili.

Val Kitto, jirani wa upande wa pili wa ua wa mbao, aliliona jicho la Janelle wakati wanaanika nguo.

"Umejigonga wapi tena, mwenzangu?"

"Ni ule mmea wa Bron."

"Ala. Uweke kwenye jua la asubuhi basi. Mimea ya namna hiyo ikikosa jua la asubuhi inakuwa na hasira."

Janelle aliuhamishia upande wa mashariki. Uliongezeka nguvu. Siku moja akachukua mkasi wa kupogolea, akakata kidole cha mwisho, akakitupa kwenye pipa la takataka za bustani. Jumamosi iliyofuata mikono ilikuwa miwili, mmoja dirishani na mmoja pipani. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Huu ulikatika bila taabu. Tatizo ni kwamba kukatwa ndiko kulikounenepesha. Ule wa pipani aliufukia nyuma ya banda, akaweka matofali juu, na matofali yakawa yanacheza mchana kutwa.

Hayo yote Janelle angeyavumilia, maana alishavumilia miaka tisa. Kilichomtia hofu ni chipukizi. Lilitokeza chini ya mkono, limekunja vidole, likainamia sakafu badala ya kuelekea juani. Janelle alichukua rula ya Bron akapima. Likikunjuka lote, lingefika kwenye shavu la mtoto wa miaka saba.

Glenn hakuwahi kumgusa Bron. Maneno hayo ndiyo Janelle aliyomwambia dada yake kwenye simu, ndiyo aliyomwambia daktari, na ndiyo aliyojiambia mwenyewe kila alipolala: mtoto hajaguswa. Alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya maneno hayo.

Akaamua kuupeleka mkono kwenye maonyesho ya kilimo. Kitabu cha masharti kilisema wazi: kila mmea uandikwe jina lake la kweli, na jina la mmea ulioshinda husomwa kwenye kipaza sauti mbele ya watu wote. Wote maana yake wote: sajenti wa polisi, mchungaji, meneja wa maghala. Janelle hakutaka utepe wa ushindi. Alitaka jina lisomwe, halafu mtu mmoja, yeyote yule, aseme kitu. Hapo angemshika Bron mkono waende kwa dada yake. Begi la mtoto alilificha kwenye buti ya gari, chini ya blanketi.

Siku ya maonyesho aliufunika mkono kwa ndoo, akaupanga kwenye meza ndefu, kwenye fungu la thelathini na nne, *mmea wa chungu wa aina nyingine yoyote*. Mbele yake akaweka kadi: MKONO WA GLENN HOSKIN. UMEOTA NYUMBANI.

Jaji alikuwa Bi Thelma Oxley, mwenye miaka themanini na glavu nyeupe, ambaye hakuna ua la begonia lililowahi kumdanganya. Alipoifikia meza, Janelle alikuwa anaondoa ndoo, na mkono ukamchapa. Kofi lilisikika banda zima la maonyesho. Kwenye meza ya keki, sajenti alikuwa na kipande cha keki ya nazi mkononi. Akageuka, akatazama vizuri, kisha akachagua kipande kingine. Msimamizi aliisogeza mimea ya jirani nusu mita pembeni ili isiharibike.

Bi Oxley alivaa miwani, akaisoma kadi.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi, Bi Oxley."

"Jina hili halimo kitabuni, mwanangu. Nikiliacha itabidi niandike *si kwa mujibu wa masharti*, na mmea mzuri hivi uondoke mikono mitupu."

"Ndilo jina lake la kweli."

"Najua."

Bi Oxley alivua glavu, akavipapasa vifundo kimoja kimoja, kama mama anayekagua vitumbua sokoni. Taya lake lilikuwa limepinda kidogo upande wa kushoto. Watu wa Kerrabie walisema alizaliwa hivyo.

"Mimi nilikuwa na wa kwangu kwenye baraza ya nyuma," alisema. "Miaka thelathini na mmoja. Ulikauka wiki ileile tuliyomzika mume wangu."

"Uliuitaje?"

"Sikuwahi kuuita."

"Tafadhali, Bi Oxley. Kuna chipukizi chini. Tazama linakoelekea."

Bibi akainama. Akatazama kwa muda mrefu, mpaka msimamizi akakohoa. Kisha akakishika chungu kwa mikono miwili, akakizungusha mpaka chipukizi likaelekea ukutani na kiganja cha njano kikaelekea kwa watu.

"Upande huu unapendeza zaidi," alisema. Akachukua penseli, akayapiga mstari maneno ya kadi, akaandika juu yake: *Fahari ya Baba*.

Saa nane kipaza sauti kilitangaza. Fungu la thelathini na nne, wa kwanza, *Fahari ya Baba*, familia ya Hoskin. Watu wakapiga makofi. Glenn aliitwa kutoka kwenye hema la bia, akapewa utepe wa buluu, akapigwa picha mkono wake ukiwa kando ya ule mwingine.

"Bwana Glenn, tangu lini una mkono wa kupanda?" aliuliza meneja wa maghala.

"Wa kupanda ni mke wangu. Mimi namtolea mfano tu."

Wakacheka. Walicheka vizuri, watu waliojuana tangu shule.

Halafu wanawake wakaja mezani. Val alitangulia. "Nikatie kidogo, mwenzangu. Kidole kimoja kinanitosha." Pale Kerrabie hakuna anayenyimwa kipandikizi, ni heri umnyime mtu kiti kanisani. Janelle alitoa mkasi, akakata. Kufikia saa tisa vipandikizi kumi na kimoja vilikuwa vimefungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa, na hakuna aliyesema asante. Haikuwa utovu wa adabu. Kipandikizi hakishukuriwi, ukishukuru, hakishiki.

Janelle alimtafuta Bron, akampata kwenye meza ya watoto anabandika maua yaliyokatwa kwenye trei za mayai. Akamshika, wakaenda garini. Glenn alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa amefungua buti ili aweke chungu, na begi la mtoto lilikuwa wazi mbele yake, soksi zikiwa zimekunjwa mbilimbili.

"Safari ya wapi?" aliuliza kwa upole.

Glenn alirudisha soksi ndani, akafunga zipu, akamuaga mfugaji wa kuku aliyepita na jogoo mshindi kwa kumpungia. Walipofika nyumbani alimtuma Bron acheze uani, akafunga mlango. Alimvunja Janelle mbavu mbili. Funguo za gari zikahamia mfukoni mwake, na utepe ukatundikwa kwenye friji.

Jumapili asubuhi chipukizi lilikuwa limekunjuka. Bron alipopita kuchukua maziwa lilimpiga shavu la kushoto, barabara, kwa kipimo kilekile cha rula. Alilia. Baba yake, aliyekuwa anasoma gazeti, alimwambia anyamaze mara mbili, na mara ya tatu akampiga la kulia. Kisha akaendelea kusoma. Janelle alisimama kati yao akiwa amechelewa, mkono mmoja ubavuni, akasikia nyumba aliyoijenga inaanguka, bila kelele yoyote.

Kufikia Jumatano Bron alishajifunza kuinama. Alipita dirishani ameinama, na kwa baba yake pia, na baadaye hata mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwalimu alimtumia barua ya pongezi kwa ule utepe, akiuliza kama familia ingeweza kutoa vipandikizi thelathini kwa ajili ya Siku ya Akina Baba ya mwaka ujao. Bron akaanza kupaka rangi vyungu, kwa sababu alipenda kupaka rangi.

Ijumaa Janelle alianika shuka kwa mkono mmoja. Upande wa pili wa ua, Val alikuwa anaanika za kwake. Mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka na kushonwa nyuzi nne, na alizungumza kwa shida.

"Umeshika," alisema.

Janelle alimtazama. Alikuwa na mengi ya kusema, na Val alisubiri ayaseme, kibanio kikiwa mkononi. Shuka zilipepea kati yao.

"Uweke kwenye jua la asubuhi," alisema Janelle.