Mzimu Waomba Kazi

Wakuu wa wilaya ile hawakuwa na desturi ya kumwomba mtu ruhusa, labda mzimu. Ndiyo maana asubuhi hiyo naibu mkuu wa wilaya alikuwa amepiga magoti mkekani mbele ya Bibi Sokhom, mganga wa kupandisha mizimu, kichwa cha nguruwe cha sadaka kikiwa katikati yao na tingatinga likinguruma nyuma.

Malisho walipokusanyika, na bwawa lake la yungiyungi, yalikuwa mali ya serikali. Sasa yameuzwa kwa Bwana Kuo, mwekezaji kutoka ng'ambo, ajenge kiwanda cha viatu. Chanthou, mkalimani wake, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wanakijiji wenzake watie dole gumba kwenye karatasi za kukubali. Aliwaahidi kazi. Aliamini kabisa, maana ndiyo kwanza ametoka chuoni.

Bibi Sokhom akapiga funda la pombe ya mpunga, akatetemeka, akapandisha. Sauti ikatoka nzito, ya kiume.

"Nani kaniamsha?"

"Sisi wanao, Babu Mkuu," naibu akajibu, viganja vimekutana kwenye paji la uso. "Tunakuletea ajira elfu moja!"

"Basi na mimi naomba. Ulinzi. Nimelinda hapa tangu babu yako hajajua kuvaa suruali."

Watu wakaangua kicheko.

"Masharti yake nini, we kitambi?" mzimu ukauliza.

Naibu akajibu, "Umri usizidi thelathini na tano, Babu. Na cheti cha sekondari."

Kicheko kikakatika. Chanthou akaganda, habari ya masharti hakuwahi kuambiwa. Akawatazama watu wake. Vijana walishakwenda Thailand kutafuta riziki. Waliobaki ni kina mama wa makamo na wazee.

"Kumbe sifai," mzimu ukasema. "Nina miaka mia saba, na darasa sijaliona. Haya, nani hapa anafaa?"

Aliyefaa alikuwa Chanthou peke yake.

"Anasemaje?" Bwana Kuo akamuuliza Chanthou.

Naibu akamnong'oneza upesi, "Mwambie mzimu umebariki. Kazi unaitaka, binti?"

Aliitaka sana. Kabla ya hii hakuwahi kulipwa kwa kuongea.

"Anauliza nani hapa atapata kazi," akatafsiri. "Na hakuna, bosi. Mimi niliwaahidi wote."

Dereva wa tingatinga, mtu wa kuja, akazima mashine na kushuka.

"Mimi siwashi," akasema. "Mzimu kachukia, na mimi nina watoto."

Bwana Kuo akalitazama tingatinga, akautazama umati, akamtazama naibu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akachukua kipaza sauti. Umri, ufutwe. Cheti, kifutwe. Watu wa hapa waanze kuajiriwa kwanza.

Chanthou akatafsiri. Walio nyuma wakapiga kelele kwamba hawajasikia, akarudia. Wakasema tena hawajasikia, na safari hii walikuwa wanacheka. Akarudia mara ya tatu.

Naibu ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, akimweleza kila aliye karibu kwamba wazo hilo ni lake.