Meneja Apanda Mbeleko

Mvua ya Aprili iliugeuza mtaa wa Biryogo kuwa friji, na Meneja akaendelea na mgomo wake wa kula. Meneja ni kobe, mpana kama sahani ya pilau, na ndiye kiumbe pekee ambaye Umutoni aliachiwa na marehemu baba yake. Umutoni, fundi cherehani asiye na mume wala haraka ya kumpata, alikuwa ameanza kuogopa.

Kwenye simu Daktari Gratien, mganga wa mifugo kule Kicukiro, alimwambia amlete, ila njiani baridi isimpate kabisa, maana kobe hana joto lake mwenyewe. Amtie kwenye boksi lenye matundu. Umutoni akalitazama boksi, akaitazama mvua. Lingefika Kicukiro limekuwa uji. Basi akamviringisha Meneja kwa taulo, akamweka mgongoni, akakaza mbeleko, akajitanda blanketi na kuacha upenyo wa pumzi.

Mlangoni akakumbana na Illuminée, muuza maandazi, mwanamke ambaye habari haikuwahi kulala kinywani mwake.

“Umutoni, huyo wa nani?”

“Wangu, mama. Sema polepole, amelala.”

“Wako? Tangu lini?”

“Ni mpole tu. Hata kulia hajui.”

Akapanda pikipiki kabla hajaulizwa baba ni nani. Dereva naye, kwa heshima ya mtoto, aliendesha kama aliyebeba mayai, akiwakemea wote waliompigia honi.

Daktari alipofungua blanketi alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kobe alikuwa na joto kama chapati. Hakuwa na ugonjwa, ni baridi tu ndiyo iliyomfunga tumbo. Leo akila, amepona. Asipokula, itabidi sindano. Wakamjaribu kwa karoti, kwa kabichi. Meneja akageuza shingo.

Umutoni alirudi amenywea, mzigo mgongoni, akakuta kibanda chake cha kushonea kimejaa wanawake. Walikuwa wamekuja kumhemba, yaani kumpongeza kwa zawadi kama mwanamke aliyejifungua: chupa za uji wa mtama, maziwa, mafungu ya dodo, ule mchicha wa majani mapana. Katikati yao Illuminée alikuwa akieleza jinsi pua ya mtoto ilivyofanana na ya babu yake.

Tangu alfajiri Umutoni hakuwa ametia kitu mdomoni. Akaketi mkekani, akanywa kikombe, akaomba cha pili, akausifu uji. Ndipo wakadai mtoto. Akafungua mbeleko.

Wanawake wakasogea kuchungulia. Meneja akatoa kichwa, akaukagua mkutano, kisha akajikokota mkekani moja kwa moja hadi kwenye fungu la dodo, akang’ata jani. Akang’ata la pili. Umutoni akaona machozi yanamtoka, na ujanja wote ukamwishia.

Macho yote yakamgeukia Illuminée. Akajikohoza.

“Niliwaambia ana mtoto. Sura sikuwaambia.” Akaivuta chupa. “Mwongezeni mzazi uji, na huyo mtoto msimnyang’anye mboga.”