Vidole vya Fundi Vigae

Karani wa ofisi ya vibali alimwambia abonyeze vidole tena, na fundi vigae akabonyeza tena. Mashine ikawaka taa nyekundu.

"Kaka, vidole vyako viko likizo?"

Watu kwenye foleni walicheka. Yeye hakuweza. Barua ya mwajiri wa ng'ambo aliyemdhamini kwa kibali cha kazi cha miaka miwili ilikuwa inaisha muda Ijumaa ijayo. Bila alama za vidole ombi halitumwi, na siku hiyo ikipita, nafasi anapewa mwingine.

Kosa lilikuwa lake. Jana yake, ili asiende ofisini na mikono ya sementi, alikuwa ameisugua kwa jiwe la visigino na magadi mpaka ikawa laini kama ya mtoto. Mkewe alimsifu: "Mkono huu sasa hata waziri anaupokea." Kumbe alikuwa amefuta mistari michache aliyoachiwa na miaka kumi na minne ya kazi.

"Rudi Alhamisi," karani alisema. "Na usiguse kazi."

Alipokuwa akitoka, mlinzi wa mlangoni akamnong'oneza: "Hapa wanaojifuta vidole ni wale waliowahi kufukuzwa huko ng'ambo. Wakikushuku, ndugu yangu, wanakufungia kusafiri maisha."

Maneno hayo yalimkata maini. Siku zote hizo hakushika mwiko wa sementi. Mkewe alimpaka mafuta asubuhi na jioni, akamkataza hata kumenya kitunguu.

"Mwaka huu nimeolewa na bwana mkubwa," alisema.

Alhamisi vidole vinane vilisomeka. Vidole gumba viwili vikagoma. Karani hakutania tena. Aliinuka akamwita msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ndio hivi wanavyofungiwa watu, fundi aliwaza.

"Alama zimekwenda wapi?"

"Zimelika, mama. Sementi. Halafu nikazisugua mwenyewe, kwa ujinga wangu, nionekane nadhifu."

"Barua inasema wewe ni fundi vigae. Barua hata mimi naweza kujiandikia."

Fundi akatazama chini, na macho yakafanya yaliyoyazoea: yakafuata mistari ya sakafu.

"Mama, hicho kigae unachokikanyaga ni kitupu chini. Aliyekiweka alitia sementi pembeni tu, katikati akaacha."

Alipiga magoti, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia kama kopo. Akagonga cha jirani. Kikajibu kizito, kimeshiba.

"Mkikiwekea mguu wa meza, kitapasuka."

Msimamizi alivaa miwani. Akainama, akagonga mwenyewe, kimoja kisha kingine. Alimtazama fundi mikono kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama barua. Mwishowe akaandika kwenye fomu mistari miwili ya kueleza vile vidole gumba na kupiga muhuri.

"Ombi linakwenda leo."

Huko nje simu ililia kabla hajaitoa mfukoni.

"Wamechukua?" mkewe aliuliza.

"Wamechukua vinane."

"Na viwili?"

"Viwili vimeandikiwa maelezo."

"Kwa hiyo unaondoka, baba."

"Kwanza limeondoka ombi," alisema, akaketi papo hapo kwenye ukingo wa barabara.