Kura Zilizong'olewa Pini

Fausto Arancibia aliutaka uenyekiti wa Chama cha Wahifadhi Nyaraka wa Kusini kama mgonjwa anavyotaka kupona, na hakuona haya kulisema hilo. Alikuwa na mpango wake: jengo moja kubwa hapa mjini Sucre, lenye rafu za chuma na hewa iliyopimwa, ambamo nyaraka zote za miji midogo zingeletwa zikae kwa amani, badala ya kuozea katika vyumba vya nyuma vya manispaa pamoja na ndoo na mifagio. Mpango ulikuwa mzuri. Hata waliompinga walikiri kwamba ulikuwa mzuri.

Kikwazo chake kilikuwa kimoja tu, nacho kiliitwa Casimira Yucra.

Mwalimu Casimira alitoka mji mdogo wa Camargo, kofia yake kichwani na brashi yake mkobani, akasimama kugombea akisema kwamba karatasi za mji zibaki katika mji wake, na wenye mji wafundishwe kuzitunza. "Ukimhamisha mzee kwao, anasahau nusu ya hadithi," aliwaambia wanachama ukumbini asubuhi ile ya uchaguzi, akaketi. Hotuba yake yote ilikuwa hiyo. Wengine walichukua asubuhi nzima.

Karibu wote waliokuwa ukumbini walipita mikononi mwake, Fausto akiwa mmoja wao. Somo lake la kwanza halikubadilika hata siku moja: kabla hujasoma neno, ng'oa pini. Pini hushika kutu, kutu hula karatasi, na aliyeiacha pini amekula pamoja na kutu. Wanafunzi walilishika somo hilo kupita kiasi. Mhifadhi wa kusini hawezi kupewa risiti ya dukani yenye pini akaiacha salama.

Baada ya hotuba walitoka uani kula salteña, sambusa za kuoka zilizojaa mchuzi. Walikula wima, wameinama mbele, mbali na mlango, maana mchuzi wa salteña hauna adabu na hakuna mhifadhi anayetaka kuonekana na mchuzi karibu na karatasi. Ligia Urioste, aliyeisimamia kampeni ya Fausto, alimsogelea akijifuta kidevu.

"Sanduku la hapa ukumbini ni letu," alisema. "Wa mjini wote wako nawe. Ninachoogopa ni kura za posta."

"Za posta ni za Mwalimu," Fausto alisema. "Usijidanganye."

"Zote?"

"Wewe ungekuwa mbali huko Villazón, umefungiwa na masanduku yako, mtu pekee aliyewahi kukutembelea ni yeye, ungempigia nani?"

Ligia aliuma salteña yake kwa hasira na mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kura za posta zilikuwa na utaratibu wake. Mwanachama wa mbali huweka kura ndani ya bahasha isiyo na jina, huifunga kwa gundi, kisha huibana kwa pini ya stepla kwenye kadi yake ya uanachama. Kamati hukagua kadi kwanza, ndipo huitenga bahasha na kuitia sandukuni. Mwaka huu barabara zilikuwa zimefungwa na waandamanaji, basi wengi wakatuma kwa posta. Lakini jana yake barabara zikafunguliwa, na wanachama wanne waliokwisha kutuma wakapanda basi wakaja, wakapiga kura tena hapa ukumbini. Hakuna ubaya, kanuni inaruhusu, mradi bahasha zao nne zitolewe zisihesabiwe.

Kamati ilikuwa ya wastaafu wawili, don Nemesio Barrón na doña Petrona Saavedra, watu wanyoofu ambao hata adui angewaachia funguo za nyumba. Watu waliporudi kutoka uani waliwakuta wameketi nyuma ya meza yao, nyuso zinang'aa.

"Don Nemesio, tuanze kukagua za posta," Ligia alisema. "Ziko wapi?"

"Hizi hapa, mama." Mzee aligusa rundo la bahasha lililonyooka kama tofali. "Na kadi ndizo hizi. Pini zote tumeng'oa. Hakuna hata karatasi moja iliyochanika."

Ligia aliliinamia rundo hilo.

"Mmezing'oa," Ligia alirudia taratibu, "kabla ya kukagua?"

"Sasa tungefanya nini, mwanangu?" alisema doña Petrona. "Hotuba zilikuwa ndefu, na pini zilikuwa zinatutazama."

Kicheko kilipasuka, kikafa haraka watu walipoelewa. Mtu wa nyuma aliuliza kama angalau mpangilio wa awali ulitunzwa, kadi na bahasha zikifuatana. Doña Petrona aliinamisha macho.

"Kadi nimezipanga kwa alfabeti."

Mguno wa uchungu ulipita safu kwa safu. "Alfabeti! Petrona! Wewe uliyekuwa mkuu wa idara!"

Ligia alikuwa ameshafungua katiba ya chama. Alisoma kwa sauti: bahasha itakayotengana na kadi yake kabla ya ukaguzi, kura yake imeharibika. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kwa sababu ya bahasha nne zisizojulikana, rundo zima lingetupwa, wenye kosa na wasio na kosa, na Fausto angekuwa mwenyekiti kabla ya chai ya alasiri. Moyo wake uliruka kwa furaha. Aliuonea haya moyo huo, lakini uliruka.

"Mbona rahisi!" Severo Colque wa Villazón, mmoja wa wale wanne, alisimama. "Sisi tupo hapa. Tuulizeni tulimpigia nani mpunguze. Mimi nilimpigia..."

"Severo!" Sauti ya Mwalimu Casimira ilikata ukumbi. "Funga mdomo huo. Kura ni siri, hata ya mropokaji."

Severo aliketi. Sasa wote walimtazama Mwalimu, wakingoja alalamike. Alikuwa na haki ya kulalamika, kwani jasho lake lote la miaka lilikuwa katika rundo lile. Badala yake aliwaendea wale wazee wawili, ambao machozi yalikuwa karibu, akainua bahasha moja kwenye mwanga.

"Kazi safi, don Nemesio," alisema. "Wengi wa hawa niliowafundisha wangeacha mchano." Kisha akawageukia watu. "Ligia amesoma sawasawa. Lakini jamani, sisi ni nani? Karatasi zimetengana, na ukumbi mzima wa wahifadhi unakunja mikono? Wauza viazi wakisikia watatucheka. Pini hutoboa kadi na bahasha kwa pigo moja. Matundu yapo. Kila mkono hubana kwa namna yake."

Watu wakaanza kusogeza viti kabla hajamaliza. Ligia aliona mambo yanamponyoka, akapiga meza.

"Sawa! Lakini kwa sharti. Bahasha zote nne zipatikane, na pande zote mbili zikubali kila moja. Ikishindikana hata moja, zote zinatupwa."

"Ni haki," Mwalimu alisema. "Fausto, unasemaje?"

Angesema nini, mbele ya watu wote wale? Alikubali.

Meza ziliburutwa hadi madirishani, na foleni ya kunawa mikono ikafika uani. Kadi za wale wanne zilitolewa, na bahasha zikapitishwa juu yake moja moja, tundu juu ya tundu. Fausto alivaa miwani yake akainama bega kwa bega na Mwalimu kama zamani. Pini hii iliingia kimshazari. Hii ilibanwa na mtu wa mkono wa kushoto. Watu wa mjini na wa mbali walisukumana kuona, wakabishana, wakapigiana makofi, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kwamba kuna uchaguzi. Bahasha ya kwanza ikapatikana. Ya pili. Ya tatu iliwasumbua, ikapatikana. Fausto alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipoanza kuvaa tai.

Ya nne ilikuwa ya Severo, na hapo maji yakazidi unga. Severo na mwenzake wa Villazón, aliyebaki kwao, walifanya kazi chumba kimoja, na kadi zote mbili zilibanwa na Severo mwenyewe kwa mashine ile ile. Bahasha mbili zilikaa juu ya kadi mbili, na kila moja iliingia pote pawili kama iliyozaliwa hapo.

Mwalimu Casimira aliinama juu yake muda mrefu. Mwishowe alinyoosha mgongo.

"Mimi niishie hapo," alisema. "Fausto aangalie."

Aliangalia. Matundu yalilingana kweli. Kisha akaigeuza kadi ya Severo, akaiinamisha kwenye mwanga wa pembeni, na akakiona: alama hafifu ya mguu wa pini uliokunjwa mara mbili, yaani mtu aligonga, hakuridhika, akagonga tena. Kwenye bahasha moja kati ya zile mbili kulikuwa na kibonyeo cha pigo hilo la pili, kidogo kuliko punje ya kinoa, ile nafaka ndogo kama ulezi. Ligia, aliyekuwa begani pake, asingekiona hata angepewa siku nzima.

Ligia alinong'ona, "Sema hujui. Basi."

Wala usingekuwa uongo wa kuogopesha. Nani angembishia? Mwalimu mwenyewe ameshindwa. Neno moja, na jengo lingejengwa, na nyaraka zingepona, na yeye angeacha kungoja. Fausto alilihisi neno hilo limekaa kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ya Severo ni hii," alisema. Akamwita don Nemesio aje na kioo cha kukuzia, akamwonyesha pa kutazama. Mzee alitazama, akafuta kioo, akatazama tena.

"Ndiyo yenyewe," alisema, na ukumbi ukalipuka.

Kura zilihesabiwa. Mwalimu Casimira alishinda kwa tofauti ya kura unazoweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

"Umejichimbia kaburi kwa kucha zako," Ligia alimwambia Fausto, akichukua koti lake.

"Lakini limenyooka," alisema Fausto. Iliuma. Iliuma kuliko alivyodhani, na hakujidai haiumi.

Mwalimu alimkuta madirishani akirudisha meza. Alishika upande wa pili, wakaibeba pamoja.

"Mguu wa kulia wa pini," alisema kwa sauti ya chini. "Umekunjwa mara mbili."

Fausto alisimama, meza ikining'inia kati yao. "Uliuona?"

"Kabla yako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, Ligia angesema haoni, na angekuwa mkweli, maana haoni. Ilibidi useme wewe."

"Na kama ningesema sijui?"

Mwalimu Casimira alimtazama kutoka chini ya kofia yake, bila tabasamu.

"Basi ningerudi Camargo, na ingekuwa haki yangu. Mtu amefundisha miaka yote hii, halafu hana hata mwanafunzi mmoja wa kumwamini siku kama ya leo, mnamchagua awaongoze wapi?"

Fausto aliushika vizuri upande wake. Wakaiweka meza chini.