Matig

...matig, amesema matig, Winfred amesikia wazi kabisa, pasi ikiwa bado juu ya kola ya shati la bosi, Madam yuko sebuleni anaongea Kiholanzi kwa simu na rafiki yake wa Riyadh, yule anayetafuta mfanyakazi, kwa maana Madam na mumewe wanarudi kwao Uholanzi na Winfred asipopata kafili mwingine wa kumdhamini ni kupanda ndege arudi Kenya... jina lake limetajwa, halafu neno hilo, moyo ukamruka, kwani analijua, alifundishwa na bibi, mama yake Madam, alipokuja Jeddah kuwatembelea na presha yake, Winfred akishika chumvi tu bibi anainua kidole, matig, Winfred, matig, yaani kwa kiasi, na kiasi si ndiyo tabia yake, hasemi sana, hacheki kwa sauti, hata mama yake alipofariki kule Mwingi hakuomba ruhusa, alilia kidogo kwenye chumba cha kufulia, mashine ikinguruma, akanawa uso akaenda kupakua chakula... "Josphat, Madam amenisifu," anamwambia dereva aliyeingia jikoni kunywa maji, "ameniita matig," na Josphat, aliyewahi kuwaendesha Waholanzi kule Riyadh, mtaa wa Olaya, anashusha gilasi polepole. "Dada, kwa chumvi ni kiasi. Kwa pombe pia. Lakini kwa kazi ya mtu..." "Kwa kazi ni nini? Sema." "Ni hivyo hivyo tu. Ya kuvumilia. Pole, dada." ...hivyo hivyo tu, na bibi ambaye yeye Winfred alikuwa akimwogesha kama mtoto, na ile homa aliyofanya nayo kazi bila kumwambia mtu, ya kuvumilia, Josphat anaongea, atamuulizia kazi kwa watu wa mtaa wa Al-Mahjar, asife moyo, lakini Winfred hamsikii vizuri, na wala si Madam anayemuuma, ni kile kilio cha chumba cha kufulia, mama aliyemzaa, yeye akamlilia kwa machozi ya kupimwa, ili chakula cha watu kisipoe, na nani alimwomba ajibane hivyo, hakuna, alijibana mwenyewe... hata huyo wa Riyadh akimtaka hataenda, halas, imetosha, atarudi Mwingi, aende kaburini apige mayowe mpaka majirani watoke nje waulize kuna nini, na sebuleni Madam bado anacheka na simu yake, Josphat bado ameshika gilasi, kola bado haijanyooka.