Vidole vya Mkunga

Kwa ubishi, Tabea hakuwa na mwenzake mlimani Meru kote. Mkono ulivunjika akikamua ng'ombe tu, akasema ni uzee. Mbavu zikafuata kwa kukohoa, akasema ni maji ya huku, si ndiyo yanayoharibu hata meno? Ikawa hivyo mpaka mwaka wa pili tangu Malkia wa Waingereza atawazwe, bintiye Anande, mwenye mimba ya miezi minane, alipomkokota hadi hospitali ya Arusha mjini.

Daktari Mzungu alisema shingoni mna kitezi kidogo kama harage, ndicho kinachokwangua chokaa ya mifupa na kuimwaga kwenye damu. Akakitoa. Kisha akamwonya Anande: sasa mifupa ina njaa, itaifyonza chokaa kwa pupa mpaka damu iishiwe nayo. Mama akisikia ganzi mdomoni au vidole vikikakamaa, nesi aitwe papo hapo, la sivyo atashikwa na kifafa na anaweza kufa.

Tangu jana Anande hakula wala kukaa akatulia. "Mama, mdomo haufi ganzi?"

"Utautia ganzi wewe kwa maswali. Kesho kutwa narudi nyumbani. Nimezalisha nusu ya kijiji, halafu mjukuu wangu apokelewe na mgeni?"

Anande akamfunika blanketi vizuri. Ukweli ni kwamba na yeye aliogopa mno kuzaa bila mama yake.

Saa tisa mchana blanketi lilisogea, mkono wa Tabea ukatokeza. Vidole vimenyooka na kubanana, gumba limelala kiganjani. Anande aliufahamu mkono huo tangu utotoni; ndivyo mama yake alivyouweka kila alipomsaidia mzazi ambaye mtoto wake amekwama.

"Unafanya nini, mama?"

"Najikumbusha kazi," Tabea alisema, akauficha upesi.

Anande akacheka, moyo ukamtulia. Akauvuta mkono ule auweke tumboni mwake, mjukuu asalimiwe. Haukukunjuka. Akajaribu kidole kimoja kimoja, vyote vigumu kama mti. Mama yake alikuwa akitokwa jasho.

"Usimwite nesi," Tabea alinong'ona. "Wakijua watanizuia hapa mwezi mzima."

"Umeanza lini?"

"Asubuhi."

Anande alimwita nesi kwa sauti iliyoshtua wodi nzima. Nesi Skolastika akaja mbio na sindano, akaisukuma dawa ya chokaa mshipani polepole, polepole kupita uvumilivu wa Anande. Kidole cha kwanza kililegea. Kisha cha pili.

"Ulitaka nizalishwe na nani, mama? Na maiti?" Anande alilia kwa hasira, wala hakujali nani anamsikia.

Tabea akaunyoosha mkono wake uliolegea, akalipapasa tumbo la binti yake, chini, kisha chini zaidi, akakunja uso.

"Kichwa kimeshuka," alisema. "Hatufiki nyumbani, mwanangu. Mwambie nesi akutafutie kitanda karibu na changu."