Ukurasa wa Mwisho wa Stepanos

Kazi ya Albert ilikuwa kusimama. Alisimama tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, chumba cha tatu cha jumba moja la makumbusho mjini Birmingham, kiatu cha kushoto kimelegezwa kamba. Mguu huo ulivunjika zamani, njiani walipokimbia vita kutoka Uvira, Kongo, na baridi ikiingia hauna siri.

Mbele yake palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kitabu kimoja tu: Injili ya Waarmenia, iliyonakiliwa kwa mkono katika monasteri kando ya ziwa Van, yapata miaka mia sita na themanini iliyopita. Hakikuwa kikubwa, kama tofali la kuchoma hivi. Kilikuwa kimefunuliwa penye picha ya tausi wawili, mmoja wa buluu, mwingine mwekundu kama pilipili iliyoiva, wanakunywa maji katika mtungi mmoja.

Kila Jumanne saa tano alikuja bibi mmoja kutoka mtaa wa Ladywood. Alivaa koti la kijivu lenye vifungo vinne, cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi. Jumanne ya kwanza alisimama mbele ya kabati, akanong'ona maneno, kisha akainama akakibusu kioo.

Albert akamkanya kwa Kiingereza. Bibi hakugeuka. Basi yakamtoka maneno ya Kifaransa, kile cha shuleni kwao, na bibi akageuka taratibu kama mtu aliyeitwa kutoka nyumbani.

"Kumbe unasema Kifaransa," akamwambia kwa lugha hiyohiyo. "Mimi nilifundishwa na watawa, Aleppo, kule Syria. Naitwa Araksi."

"Mama Araksi, hapa haturuhusu kubusu. Nitaandika onyo kwenye daftari. Maonyo matatu, mtu anazuiwa kuingia."

"Andika, mwanangu. Kila mtu na kazi yake."

Jumanne ya pili akabusu tena. Albert akatoa kitambaa, akafuta alama ya midomo kwenye kioo, na moyo wake haukupenda alichokifanya.

"Mama, hawa ndege hata mimi wananipendeza," alimwambia, "lakini siwabusu."

Araksi akacheka mpaka akashika ukingo wa kabati. "Nani kakuambia nabusu ndege? Injili kwetu ukikutana nayo unaibusu. Hata kuishika hatuishiki kwa mkono mtupu, tunaishika kwa kitambaa kama hicho chako. Na tena, shida yangu si tausi. Shida yangu iko mwisho wa kitabu."

Akamweleza, na Albert akasikiliza, maana chumba kilikuwa kitupu. Zamani za wafalme wao, alisema, mwandishi akimaliza kunakili kitabu alijiwekea ukurasa mmoja nyuma. Humo aliandika jina lake, la baba na la mama, mwaka ulikuwaje, vita gani, baridi gani. Kisha akamwomba kila atakayesoma ayataje majina hayo kwa sauti. Huo ndio uliokuwa ujira wake.

"Adui akija, watu wetu walibeba vitabu," alisema. "Kitabu kikishikwa, tulisema kimechukuliwa mateka, kama mtu. Na tulikikomboa, kama mtu."

Albert akakumbuka walivyotoka Uvira. Mmoja alibeba godoro, mwingine sufuria. Yeye alimbeba mama yake mgongoni.

"Sasa huyu mwandishi amefungiwa humu," Araksi akaendelea. "Mwisho wa mwezi kitabu kinarudi kwa mwenyewe, ng'ambo, kinaingia sandukuni. Mimi nina miaka themanini na moja. Nani atamtajia jina lake?"

Albert alijua jambo moja ambalo bibi hakulijua. Vitabu vya kale haviachwi vimefunuka pahali pamoja muda mrefu, mwanga unakula rangi. Kurasa hugeuzwa kwa ratiba, na kitabu hiki kilibakiwa na zamu moja tu, Jumatatu inayofuata, jumba likiwa limefungwa. Mwenye kuamua ukurasa ni Bhavini, mhifadhi wa vitabu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Alikuwa amekwisha kuchagua: picha ya kuzaliwa kwa Yesu, yenye dhahabu.

Siku ya pili Albert akamfuata ofisini kwake, akamkuta na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Mzee Albert, karibu. Mguu je?"

"Mguu iko, Mama Bhavini. Nakuja kuomba kitu." Akamweleza.

"Ai, Mzee. Watu wanakuja kuona dhahabu. Ukurasa wa mwisho ni maandishi matupu, na una doa la maji hapa chini. Nani atauangalia?"

"Mtu mmoja."

"Huyo mmoja si ndiye ana maonyo mawili? Wewe mwenyewe umeyaandika, na mwandiko wako wa kuku."

Albert akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Kwetu mtu akikufa, wanasoma: huyu ni mtoto wa fulani, dada wa fulani, alizaa fulani. Bila hiyo hajazikwa bado, amefukiwa tu. Mama yangu alinifia mgongoni. Tulimfukia kando ya barabara, mvua inanyesha, hakuna aliyesoma kitu. Ile bwana wa kitabu aliandika mwenyewe, akaomba mwenyewe. Sisi tumemfungia na ndege."

Bhavini akazungusha kikombe chake. Chai ilikuwa imeshika utando.

"Na akibusu mara ya tatu?"

"Nitaandika, Mama. Sitaficha."

"Hapo utakuwa umemfungulia mlango ili umfukuze," Bhavini akasema.

Jumanne Albert alifika mapema, hata koti hajavua akaenda kutazama. Tausi hawakuwapo. Dhahabu haikuwapo. Palikuwa na mistari ya herufi nyeusi, imebanana kama punje za hindi, na doa la maji chini pembeni.

Saa tano Araksi akaingia. Alipoliona kabati akasimama mlangoni, akafunga kile kifungo cha pili, akafungua, akafunga tena. Halafu akasogea. Mengine, alisema, ni lugha ya kale, haielewi yote, lakini atajaribu. Akasoma kwa Kiarmenia mstari mmoja mmoja, akimfasiria Albert.

"Nimemaliza mimi Stepanos, mwandishi duni, mwaka wa theluji. Wino uliganda kidauni, nikauyeyusha kwa pumzi yangu. Mkiona makosa msinilaumu, vidole vilikufa ganzi. Nikumbukeni mimi, na baba yangu Grigor, na mama yangu Khatun aliyeniletea dengu."

Chini yake, mwandiko wa mtu mwingine. Sauti ya bibi ikapungua.

"Kitabu hiki kilichukuliwa mateka na askari wa amiri Timur. Mimi Gohar, mjane, niliuza mkanda wa arusi yangu nikakikomboa. Nikumbukeni, pamoja na wanangu wawili waliochukuliwa siku ile, ambao sikuweza kuwakomboa. Na atakayesema amina, yeye na watu wake wakumbukwe."

Albert akasema, "Amina."

Araksi akainama. Uso wake ukakaribia kioo mpaka kikaingia mvuke. Albert akalifungua daftari, akashika kalamu. Bibi akabaki hapo hapo, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Kitambaa chako."

Albert akampa. Araksi akakifuta kioo kwa kitambaa kile, taratibu, kutoka mstari wa kwanza hadi doa la maji, halafu akakibusu kitambaa.

"Hii haimo kwenye sheria zenu?"

"Haimo, Mama."

"Haya. Umesema amina. Watu wako ni nani?"

Albert akatazama mlangoni. Hakuna aliyekuwa akija. "Henriette," akasema. "Mama yangu, binti wa Barhakomerwa. Alizaa sita." Akawataja wote sita, na Araksi akaitikia kila jina kwa Kiarmenia.

Jioni, kabla ya kufunga, Albert akafungua daftari. Kwa kawaida huandika maneno mawili: hakuna tukio. Bhavini hulisoma kila Jumatano. Siku hiyo Albert alikaa, akanyoosha mguu, akaandika kwa mwandiko wake wa kuku:

Jumanne. Kioo safi, hakuna onyo. Wamesomwa Stepanos, Grigor, Khatun, Gohar na wanawe wawili. Na Henriette. Nimeandika mimi Albert, mlinzi wa chumba cha tatu. Makosa mkiyaona msinilaumu, leo baridi ilikuwa nyingi na mguu unauma.